Megawati 1,000 za sola katika jangwa la Chalbi: inawezekana?

Swali: Juzi nilisafiri kutoka Marsabit hadi North Horr tukakatiza Chalbi. Ni tambarare mpaka macho yanachoka, hakuna mti, hakuna nyumba, na jua linawaka tangu asubuhi. Kwa nini serikali isijaze paneli za sola pale, megawati 1,000 hivi, tuachane na stima ghali? Mwenzangu kazini anasema paneli hupenda joto, kwa hivyo kaskazini ni bora kuliko kwetu Nairobi. Na je, tokeni zangu hapa Umoja zingeshuka bei? — Msomaji, Umoja

Jibu: Ndugu msomaji, kwa ukubwa wa ardhi na wingi wa jua, wazo lako halina kasoro. Linaanza kuyumba ukifika kwenye laini ya kusafirishia stima, saa ambazo Wakenya wanaitumia, na udongo wenyewe wa pale ulipopita. Mwenzako wa kazini naye amekosea kuhusu joto, na kosa lake lina uzito kuliko linavyoonekana. Tutalifikia.

Tuanze na ukubwa. Mtambo wa megawati 1,000 hujengwa na paneli zenye jumla ya megawati 1,250 hivi, kwa sababu paneli haitoi nguvu yake kamili ila kwa dakika chache za siku, na inveta (mashine inayogeuza stima ya paneli iwe ya kuingia kwenye gridi) ikikaa nusu tupu ni hasara. Paneli za siku hizi za mitambo mikubwa ni za wati 600 au zaidi kidogo. Gawanya, utapata paneli milioni 2 na elfu 83. Ukiacha njia za magari, nafasi kati ya safu na safu, na uwanja wa transfoma, unahitaji hekta 2,000 hadi 2,500, yaani kama ekari 5,000 hadi 6,000. Kwa Chalbi hiyo ni kona ndogo tu.

Sasa stima yenyewe. Mfano tulio nao nyumbani ni mtambo wa Garissa uliofunguliwa Desemba 2019. Una paneli 206,272 za wati 265 kila moja, kwenye hekta 85 hivi. Jumla ni megawati 54.6 za paneli, ingawa kila mtu huuita mtambo wa megawati 50. Makadirio ya uzalishaji wake ni GWh 76 (gigawati-saa, yaani kilowati-saa milioni 76) kwa mwaka. Gawanya kwa saa 8,760 za mwaka, utaona kwamba wastani wake, usiku na mchana, haufiki megawati 9. Mtambo hauna ubaya wowote. Sola iko hivyo kila mahali, kwa sababu usiku ni sifuri na asubuhi na jioni ni kidogo. Lakini kila mara unaposoma gazetini kwamba "megawati elfu moja zitajengwa," kumbuka kwamba megawati 1,000 za sola si sawa na megawati 1,000 za mvuke wa Olkaria, ambao haulali.

Kwa Garissa, kila kilowati moja ya paneli ilikadiriwa kutoa kilowati-saa 1,400 kwa mwaka. Kaskazini zaidi, ambako jua huleta kilowati-saa 6 na ushee kwa kila mita ya mraba kwa siku, na kwa vifaa vipya, mhandisi mwangalifu angepigia hesabu 1,600. Mtambo wako ungetoa basi GWh 2,000 kwa mwaka, kama moja ya saba ya stima yote inayoingia kwenye gridi ya Kenya. Si haba hata kidogo.

Hapa ndipo joto linapoingia. Paneli hula mwanga, na joto huiumiza. Wati 600 zilizoandikwa mgongoni mwa paneli zilipimwa maabara, seli ikiwa na nyuzi 25 za Selsiasi. Jua la saa saba likipiga sawasawa, seli huwa na joto la nyuzi 31 hivi juu ya hewa inayoizunguka. Chalbi hewa ikiwa nyuzi 36, seli iko kwenye 67, yaani nyuzi 42 juu ya kipimo cha maabara. Paneli nyingi hupoteza asilimia 0.35 kwa kila nyuzi inayozidi, kwa hivyo hapo asilimia 14.7 imekwenda: ile ya wati 600 inatoa 512. Nairobi, hewa ikiwa nyuzi 24, seli iko kwenye 55 na paneli ileile inatoa kama 537. Kuna aina mpya za seli zinazopoteza asilimia 0.29 tu kwa nyuzi, na kwa mahali kama Chalbi ni hizo za kununua hata zikigharimu zaidi kidogo.

Linganisha sasa. Chalbi hupata kama kilowati-saa 6.2 za jua kwa mita ya mraba kwa siku. Nairobi, pamoja na mawingu yake ya Julai, hupata 5.3 hivi. Hiyo ni asilimia 17 zaidi. Ondoa kinacholiwa na joto, unabaki na asilimia 11 au 12. Faida yote ya jua la kaskazini ni hiyo tu, na bado hujapoteza kitu kwenye laini ndefu ya kuileta stima huku kwenye wateja. Wengi hudhani jangwa lina jua mara tatu ya Nairobi. Kwa sisi tunaokaa karibu na ikweta, jua halitoshi kuwa sababu ya kwenda mbali hivyo.

Tukija kwenye udongo, Chalbi ni sakafu ya ziwa la kale. Ule weupe uliouona ni chumvi na magadi, na chini yake kuna mfinyanzi. Mvua kubwa ikinyesha, eneo pana hugeuka maji ya kina kifupi na magari hukwama kwa siku kadhaa. Nguzo za chuma za paneli hupigiliwa ardhini kwa mashine, mita 1.5 hadi 2.5, bila zege, ndiyo maana ujenzi wa sola huwa wa haraka. Mfinyanzi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka hutikisa nguzo hizo mwaka baada ya mwaka, safu zikapinda na vioo vikavunjika pembeni kwenye vishikizo. Nayo chumvi hula chuma. Nguzo hupakwa zinki, tuseme ya mikroni 85. Udongo wenye chumvi na unyevu ukila mikroni 8 kwa mwaka, zinki imekwisha kabla ya mwaka wa 11, wakati mkataba wa kuuza stima ni wa miaka 20 au zaidi. Unaweza kutumia zege na rangi maalumu, ila gharama inapanda na ile faida ya asilimia 11 imeshaliwa.

Kwa hivyo hata mtu akiamua kujenga kaskazini, hajengi katikati ya Chalbi. Anatafuta changarawe ngumu iliyoinuka kidogo pembeni. Kabla ya kununua chochote anapigilia nguzo za majaribio mahali pengi, kisha anazivuta kwa winchi yenye kipimo aone zinang'oka kwa nguvu gani, kwenda juu na kwenda ubavuni. Anachukua udongo kupima chumvi. Anasimamisha kituo cha kupima jua kwa miezi 12 isiyopungua. Kwenye kituo hicho kuna vipande viwili vidogo vya paneli: kimoja kinapanguswa kila siku, cha pili kinaachwa na vumbi lake. Tofauti ya vipimo vya viwili hivyo ndiyo itakayosema mtambo utaoshwa mara ngapi, na swali hilo ndilo linalotenganisha mradi unaolipa na usiolipa.

Vumbi linastahili kuelezwa kwa nambari. Mahali pakavu penye upepo, kupoteza asilimia 0.5 kwa siku si jambo la ajabu. Ukikaa siku 14 bila kuosha umeshuka asilimia 7. Wastani wa kipindi chote ni asilimia 3.5. Kwa mtambo wa GWh 2,000, asilimia 3.5 ni GWh 70, karibu mtambo mzima wa Garissa umepotelea kwenye vumbi. Na sisi wa ikweta tuna tatizo ambalo Wamisri na Wamoroko hawana kwa kiwango chetu. Kwao paneli huinamishwa nyuzi 25 au 30 kuelekea kusini, na vumbi jingi huteleza. Huku jua liko utosini, kwa hivyo paneli hulala karibu bapa. Kwa nadharia Chalbi ingetaka mwinamo wa nyuzi 3. Tunaweka 10 kwa sababu tu chini ya hapo maji hayateremki, yanasimama kwenye ukingo wa fremu, yanakauka na kuacha mstari wa tope upande wa chini. Mstari huo wa sentimita mbili tatu hufunika safu ya chini ya seli, na safu ikifunikwa, theluthi au nusu ya paneli inazimika. Ukiona paneli za juu ya nyumba mtaani kwako zina mkanda wa kahawia chini, ndio huo.

Dawa ni kuosha, na kuosha ni maji. Kwa gari lenye brashi, lita 2 kwa paneli zinatosha ukiwa mwangalifu. Paneli milioni 2 ni zaidi ya lita milioni 4 kwa mzunguko mmoja: safari 420 za bauza la lita 10,000. Kila wiki mbili, mwaka mzima, ni lita milioni 108, katika nchi ambayo watu wa Kalacha na North Horr wanategemea chemchemi na visima kunywesha ngamia. Tena maji mengi ya huko yana chumvi. Ukiyapaka kwenye kioo na jua likayakausha, yanaacha ukungu mweupe mbaya kuliko vumbi, kwa hivyo lazima uyachuje kwanza. Usioshe mchana: maji baridi kwenye kioo chenye nyuzi 65 yanaweza kukipasua. Kazi hiyo hufanywa usiku au alfajiri.

India na nchi za Ghuba zimehamia kwa kiasi kikubwa kwenye roboti zinazopita juu ya safu zikifagia kwa brashi kavu kila usiku. Kwa mahali kama Chalbi hatuoni njia nyingine ya busara. Ila brashi iwe laini na ifagie mara kwa mara vumbi likiwa jepesi. Ukisubiri lijae ndipo ufagie, mchanga unakwaruza ile ngozi ya juu ya kioo inayozuia mng'ao, na hiyo hairudi.

Upepo nao. Kati ya mlima Kulal na Nyiru hupita upepo ambao ndio uliovuta mradi wa Lake Turkana Wind Power, mitambo 365 yenye jumla ya MW 310. Huko kwa wastani unavuma mita 11 hivi kwa sekunde, neema kwa feni, adhabu kwa paneli. Mitambo mingi mipya duniani hutumia fremu zinazogeuka kufuata jua kutoka mashariki hadi magharibi, na karibu na ikweta hizo huongeza stima kwa asilimia 15 hadi 20. Lakini upepo ukizidi mita 15 hadi 18 kwa sekunde, fremu hujilaza zenyewe ili zisivunjike, na upepo usiotulia unaweza kuzifanya zijipinde kama mkanda hadi mhimili ukatike. Huko sisi tungetumia fremu zisizogeuka na kukubali kupoteza hiyo asilimia 15.

Lakini upepo huohuo una siri nzuri. Mkondo wa upepo wa Turkana huwa na nguvu zaidi usiku na alfajiri, kisha hulegea mchana. Jua hufanya kinyume. Sola iliyojengwa jirani na kituo cha stima cha Loiyangalani, ambako laini ya mitambo hiyo ya upepo inaanzia, inaweza kupitia laini ileile ambayo upepo unaiacha na nafasi mchana. Hii ndiyo hoja kubwa ya kaskazini, na ni ajabu jinsi inavyotajwa mara chache kuliko hoja ya ardhi tupu.

Laini ndiyo mradi wenyewe. Mitambo ya upepo ya Turkana ilikamilika kusimamishwa mwaka 2017, ikakaa bila kuuza stima hadi laini ilipokuwa tayari Septemba 2018. Laini hiyo ni ya kilovolti 400, kilomita 428 kutoka Loiyangalani hadi kituo cha stima cha Suswa, si mbali na Nairobi. Mkataba ulisema stima iliyo tayari hulipiwa hata kama haisafirishwi, na serikali ilibebeshwa deni la mabilioni ya shilingi kwa ucheleweshaji huo. Mtambo wa sola wa ukubwa wako unaweza kujengwa kwa miezi 18 hadi 24. Laini ya mamia ya kilomita, pamoja na fidia za ardhi njia nzima, haijengwi kwa muda huo. Anayetia saini mkataba wa mtambo kabla laini haijafika mbali anajitafutia deni.

Kuna na jambo ambalo wasio wahandisi huwa hawalitarajii: laini ndefu sana huleta shida ikiwa *haina* mzigo. Waya wa kilovolti 400 hutengeneza wenyewe karibu MVAr 0.6 (kipimo cha nguvu isiyofanya kazi ila hupandisha volti) kwa kila kilomita. Kwa kilomita 428 ni kama MVAr 257 kwa kila saketi moja. Jioni sola ikizima na upepo bado haujaamka, volti upande wa Loiyangalani hupanda, wala hakuna anayezalisha kitu. Lazima uwe na riakta, yaani koili kubwa za kuinyonya hiyo nguvu. Inveta za sola zinaweza kufanya kazi hiyo hata usiku bila jua, lakini ziwe zimeagizwa na uwezo huo na mkataba uwe umeandika nani atalipia. Tunashauri iandikwe tangu mwanzo. Kuongeza baadaye ni bei nyingine.

Kisha ukubwa wa pigo moja. Kilele cha matumizi ya nchi kilivuka MW 2,300 mwaka 2025, na hicho ni cha jioni. Mchana matumizi ni chini ya hapo. Ukiwa na megawati 1,000 zinazopitia njia moja na njia hiyo ikakatika saa saba mchana, karibu nusu ya nchi imepoteza chanzo chake kwa sekunde. Masafa ya gridi (mapigo ya stima kwa sekunde), ambayo yanatakiwa kubaki Hz 50, yanaporomoka, na mabwawa ya Seven Forks hayawezi kuziba pengo hilo haraka hivyo. Gitaru, kubwa kuliko yote, ni MW 225. Matokeo ni giza kutoka Mombasa hadi Busia. Ndiyo maana mtu mwenye akili angeanza na MW 100, labda 200, bila kujali jangwa lina nafasi kiasi gani.

Na hata bila ajali, saa saba mchana hiyo stima ingeenda wapi? Mvuke wa Olkaria na jirani zake una zaidi ya MW 900 na hupenda kukimbia bila kuzimwa. Kuna upepo. Kuna stima ya Ethiopia inayoingia Suswa kupitia laini ya kilovolti 500. Ongeza 1,000 za sola, na siku ya Jumapili itabidi mtu aambiwe azime, huku akilipwa. Jioni saa moja hadi saa nne usiku, Umoja nzima ikipika, ikipasha na kutazama habari, paneli zako zimelala.

Betri hutatua sehemu ya hili. Tuseme unataka kuhamisha MW 250 kwa saa 4 hadi jioni. Hiyo ni MWh 1,000, sawa na makontena 200 ya futi 20 yenye MWh 5 kila moja. Katika kuingiza na kutoa unapoteza asilimia 12 hadi 15. Betri hizi hupenda nyuzi 25 hivi, kwa hivyo kwa nyuzi 36 za nje, mashine za kupoza zinakula stima mchana kutwa, na vichujio vyake vya hewa vikijaa vumbi betri hupunguza nguvu zenyewe. Sisi tungeweka betri upande wa Suswa au karibu na Nairobi, ambako kuna baridi na ambako zingesaidia gridi hata laini ya kaskazini ikikatika. Kuna wanaopinga wakisema zikiwa kaskazini laini inatumika vizuri zaidi. Wana hoja, hasa mtambo ukizidi uwezo wa laini, lakini kwa awamu ya kwanza ya MW 100 hoja hiyo haina nguvu.

Labda umesikia kuhusu Noor ya Ouarzazate, Moroko, inayotoa stima usiku bila betri. Huko, mbali na paneli chache, vioo hukusanya jua kupasha joto chumvi ya nitrati iliyoyeyuka, na chumvi hiyo huhifadhiwa kwenye matangi kwa saa kadhaa. Jumla ya mitambo yote minne ni MW 580. Ni kazi nzuri kutazama, lakini chumvi hiyo huganda ikishuka kwenye nyuzi 240 hivi, na huzungushwa hadi 565. Tangi likivuja, mtambo husimama kwa miezi. Lilitokea Crescent Dunes huko Nevada mwaka 2016, na likatokea Noor III mwaka 2024. Tena vioo hivyo huhitaji jua la moja kwa moja lisilo na ukungu wala kiwingu. Kwa Kenya, ambayo tayari ina mvuke wa kufanya kazi ya usiku, tusijisumbue.

Kwa anayetaka kujua ndani ya mtambo kunaharibika nini: mara nyingi ni vitu vidogo. Paneli huunganishwa kwa mfululizo, tuseme 28, kila moja ikiwa na volti 50 bila mzigo, jumla 1,400. Alfajiri seli ikiwa nyuzi 15 volti hupanda asilimia 2.5 hadi 1,435, bado chini ya kikomo cha 1,500. Fundi "akiokoa" waya kwa kuweka 30, anafika 1,537, na inveta inakufa asubuhi moja ya baridi bila mtu kuelewa kwa nini. Konekta za kiume na za kike za watengenezaji wawili tofauti huingiliana vizuri mkononi, lakini hazikumbatiani sawasawa ndani. Baada ya mwaka au miwili zinapata joto, zinayeyuka, na nyasi zilizo chini zinashika moto. Nunua za mtengenezaji mmoja na ubane kwa koleo lake. Asubuhi baada ya umande au mvua, inveta inayokataa kuwaka na kudai kuna hitilafu ya insulesheni huwa inasema kweli: kuna waya uliochunwa na ukingo wa fremu au kutafunwa na panya. Ukiifuta alarumu bila kutafuta waya, utautafuta kwa moshi. Kwa inveta 3,000, mbinu ya kufaa ni kurusha droni yenye kamera ya joto angalau mara moja kwa mwaka, jua likiwa kali, kisha kutuma fundi kwenye safu zilizojitokeza tu.

Ule utupu uliouona njiani nao si utupu. Wafugaji wa Kigabra hupitisha ngamia pale na kuwalambisha chumvi ya Chalbi, na ukizungushia ua ekari 6,000 unaweza kuwa umefunga njia ya malisho ambayo haionekani ukiwa ndani ya gari. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inataka jamii isajiliwe, ikae mkutano na ikubali. Mradi wa upepo wa Turkana ulipewa ardhi kabla ya sheria hiyo, na mwaka 2021 mahakama ya mazingira na ardhi ya Meru iliamua kwamba hati zake zilitolewa bila kufuata utaratibu. Anayeruka hatua hii ili kuokoa mwaka mmoja hununua kesi ya miaka saba.

Mwisho tokeni zako. Ukifungua SMS ya tokeni utaona pesa uliyotuma imegawanywa: ya yuniti zenyewe, na ile iliyoandikwa OtherCharges. Ndani ya hiyo ya pili mna ada ya mafuta, marekebisho ya dola, ushuru wa umeme vijijini, VAT ya asilimia 16 na vingine vidogo. Sola ya mchana peke yake haigusi sana ada ya mafuta, kwa sababu mitambo ya dizeli huwashwa zaidi jioni. Sola yenye betri inayofanya kazi saa moja hadi saa nne usiku ndiyo inayoweza kuipunguza. Na mkataba ukiandikwa kwa dola huku shilingi ikishuka, unachookoa kwenye mafuta kinarudi kwenye marekebisho ya dola. Gharama ya laini, riakta na betri nayo huingia kwenye bei ya yuniti polepole EPRA, mdhibiti wa nishati, inapopanga viwango vipya. Kwa mradi wa MW 100 hadi 200 jirani na Loiyangalani, wenye betri upande wa huku, unaweza kutarajia bei isipande kwa kasi ambayo ingepanda. Punguzo la kuonekana kwenye SMS ya mteja wa yuniti 40 au 50 kwa mwezi usilitarajie, na akikuahidi mwanasiasa, muulize stima yake itafika Suswa kwa laini gani na saa ngapi.